Mtoto Huzaliwa Mara Moja, Huandikwa Mara Tano

Jamani, mkimwona nesi wa Lamu amesimama kibarazani anajisemea peke yake, msimsomee dua. Hajapandwa na kitu. Anajaribu kukumbuka tu leo tuko mfumo gani.

Wagonjwa hawatuchoshi. Mgonjwa ana ustaarabu wake: aumwa, atibiwa, aenda zake. Mabadiliko ndiyo hayaendi zake. Yanakuja na boti ya Mokowe, yanashushwa na boksi la karatasi, na haijatokea boti ya kuja kuzichukua zile za zamani.

Mwaka 2013 afya ikatoka Nairobi ikaja kaunti. Muhuri ukabadilika, nembo ikabadilika, ndoo iliyo chini ya paa linalovuja ikabaki palepale. Haya, tukazoea. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ikaondoka, ikaingia ya SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na nesi naye yumo, msidhani sisi tunasamehewa. Asiye na mshahara anaulizwa maswali ya hali yake ya maisha ndipo ajue mchango wake. Sasa muweke hapo bibi wa Pate, kadi yake ya NHIF ameifunga kwenye pembe ya leso. Nyumba yako ya nini? Choo cha aina gani? Una mifugo? Bibi anakutazama: "Mwanangu, nimekuja kupimwa presha au nimekuja kuposwa?"

Kisha aweke kidole kwenye mashine. Vidole vilivyosuka ukili miaka arobaini vimelainika, mistari haipo tena. Mashine yakataa. Mpanguse kidole, mjaribu cha pili, cha tatu. Wavuvi ni hivyohivyo, kamba na chumvi zimekula alama zote. Mkifika kidole cha saba, neti imelala.

Lakini hayo ni ya mezani. Twende leba.

Miaka yote patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, ilitufundisha hivi: mlango wa uzazi ukifika sentimita 4, anza kuweka alama. Mstari wa tahadhari unapanda sentimita 1 kwa saa, na kulia kwake, umbali wa saa nne, kuna mstari wa kuchukua hatua. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa chati nyingine. Uchungu uliokolea unahesabiwa kuanzia 5, mistari ya mshazari imeondolewa, na kila sentimita ina muda wake: kwenye 5 unavumilia kwa muda wa saa 6, kwenye 6 saa 5, kwenye 7 saa 3, kwenye 8 saa 2 na nusu, kwenye 9 saa 2. Chati nzuri hiyo, nitaitetea popote. Mwili wa mwanamke haujawahi kufuata rula.

Taabu ni kwamba karatasi za zamani zimejaa kabati na mkubwa hataki zitupwe, ati zilinunuliwa. Mama anaingia saa kumi na mbili jioni yuko 4, zamu ya mchana inamwandika kwenye ya zamani. Saa sita usiku yuko 5, zamu ya usiku inafungua mpya. Ziweke sasa kando kwa kando. Ya zamani yasema amevuka mstari wa hatua, apelekwe hospitali kubwa. Mpya yasema uchungu ndio kwanza umeanza. Nje kusi lavuma, na nahodha yuko mlangoni: "Sista, twenda au hatwendi?"

Mtauliza, kwani hamkufundishwa? Tulifundishwa! Mmoja wetu aliitwa semina Mombasa siku tano, atufundishe akirudi. Mafunzo yenyewe yakawa dakika kumi wakati wa kupokezana zamu, wa usiku wanasinzia, wa asubuhi wanahesabu dawa. Wiki ya pili akahamishiwa Kiunga na elimu yake.

Na mtoto akishazaliwa, aandikwe. Kwenye faili. Kwenye rejista ya wazazi, ile namba 333. Kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Kwenye tableti. Kwenye fomu ya madai ya bima. Kisha tarehe 5 ripoti ya mwezi iwe imetoka. Wakaguzi wakija, swali ni moja: mbona rejista ina watoto 31 na tableti ina 29? Kwa sababu wawili walizaliwa usiku wa mwisho wa mwezi, neti haipo, wakaingizwa asubuhi ya tarehe 1. Kwa kitabu ni wa mwezi huu, kwa tableti ni wa mwezi ujao. Tunaandika barua ya maelezo. Kwa mkono.

Leo boti imeleta waraka: karatasi sasa basi, kila kitu kidijitali. Umekuja nakala tatu. Moja tia saini uweke, moja rudisha, moja bandika ukutani.

Ukutani penyewe hapana nafasi. Nani ana gundi, tuubandike juu ya ule wa mwaka jana?