Mvuto wa Death Note hauko kwenye daftari
Makala moja kuhusu Death Note, mfululizo wa katuni za Kijapani (anime), inasema watazamaji walinaswa na daftari linaloua. Naomba kutofautiana kidogo. Daftari hilo, ambalo anayeandikwa jina lake humo hufa kwa mshtuko wa moyo baada ya sekunde 40 iwapo hakuna sababu nyingine iliyotajwa, ni chambo tu. Kinachomshika mtazamaji katika sehemu zile 37, zilizoanza kurushwa Japani mwaka 2006, ni kuwindana kwa akili kati ya Light, mwanafunzi anayelitumia daftari hilo kuua wahalifu, na L, mpelelezi anayemsaka, hasa pale L anapomweka mfungwa aliyehukumiwa kifo mbele ya kamera, kisha, baada ya mfungwa huyo kuuawa, anafichua kwamba matangazo yalionekana eneo la Kanto (Tokyo na jirani zake) pekee, hivyo muuaji yuko huko. Lakini L alipoondoka, nakiri, utamu ulipungua, hata Ryuk, yule mungu wa kifo aliyeliangusha daftari, na matufaha anayoyapenda hawakunitosha.