Nani Aseme Mkono Umeiva?

Mtoto wa miaka miwili amepaliwa na karanga. Imeshapita koo na kuingia kwenye bomba la pafu la kulia, na mtoto anahema kwa shida. Atakayeingiza bomba la chuma lenye kamera katika njia hiyo ya hewa, nyembamba kuliko kidole cha mwisho cha mtu mzima, ni daktari wa masikio, pua na koo. Usiku wa manane, mara nyingi wa kwanza kufika ni rezidenti, yaani daktari aliyekwisha kuhitimu na sasa anasomea ubingwa. Lini aruhusiwe kufanya kazi hiyo peke yake? Wapo wanaosema apande ngazi kwa miaka aliyokaa. Wengine wanataka apande kwa kuthibitisha kazi moja baada ya nyingine.

Kanada imeujaribu mjadala huu kwa vitendo, na fani hii ndiyo iliyotangulizwa. Julai 2017, Chuo cha Kifalme cha Madaktari na Wapasuaji cha Kanada kilianza kuyahamisha mafunzo ya ubingwa kutoka hesabu ya miaka kwenda hesabu ya umahiri. Walioanza ni wa fani mbili tu: dawa za usingizi, na masikio, pua na koo pamoja na upasuaji wa kichwa na shingo. Miaka 5 ya mafunzo haikufutwa, ila ilishushwa cheo. Sasa kuna hatua 4: kuingia katika fani, misingi, kiini cha fani, na maandalizi ya kujitegemea. Kila hatua ina kazi zake za kuthibitishwa, na rezidenti hasogei mpaka kamati ikae, isome ushahidi uliokusanywa juu yake na kuridhika.

Kinachonivutia zaidi ni kipimo chenyewe. Msimamizi hatoi asilimia. Katika kipimo cha ngazi 5 kilichobuniwa Ottawa na kuenea nchini humo, anaeleza alichofanya yeye mwenyewe katika upasuaji ule: ilibidi nifanye mimi, ilibidi nimwelekeze hatua kwa hatua, ilibidi nimkumbushe hapa na pale, ilibidi niwepo chumbani kwa tahadhari, sikuwa na haja ya kuwepo. Lugha hiyo ni ya kweli. Ukimuuliza daktari bingwa kama kijana wake ana "asilimia 72 ya ujuzi wa trakeostomia", yaani kutoboa koo ili mgonjwa apate hewa, atababaika, lakini ukimuuliza kama alilazimika kumpokonya kisu, atajibu papo hapo.

Upande huu wa kuthibitisha kazi una hoja nzito, na katika fani hii ni nzito kuliko kwingineko. Upasuaji wa tumbo una nafasi: mwalimu anaweza kushika upande mmoja wa jeraha, mwanafunzi upande wa pili, mikono minne ikafanya kazi pamoja. Sikio halina nafasi hiyo. Kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kina kimo cha milimita 3 hivi, na anayekifanyia kazi chini ya hadubini ni mtu mmoja. Mwalimu hutazama kwa lenzi ya pembeni au kwenye skrini. Vivyo hivyo wakati wa kuchonga mfupa ulio nyuma ya sikio kwa drili: mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso umepita humo humo, na ukikatwa mgonjwa anatoka na uso uliopinda upande mmoja. Kumwachia mwanafunzi ni kumwachia kabisa. Ndiyo maana rezidenti anaweza kumaliza mwaka mzima akisimama kando ya hadubini, jina lake likaandikwa kwenye daftari la upasuaji kila siku, na mikono yake ikabaki migeni. Mfumo wa miaka utampandisha pamoja na mwenzake aliyechonga mifupa ishirini. Huo mimi nauona ni udhaifu usioteteeka.

Hata hivyo, wanaoutetea mfumo wa miaka si wavivu wa mageuzi. Wana historia. Mafunzo ya marezidenti kama tunavyoyajua yalijengwa na mpasuaji William Halsted katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889. Kwake muda haukuwa na kikomo kilichowekwa. Mtu alipanda pale mkuu alipoona amefaa. Mfumo wake ulikuwa piramidi, wengi chini na wachache juu, na jicho la bwana mmoja ndilo lililoamua. Halsted huyo huyo ndiye aliyemkabidhi Samuel Crowe idara ya masikio, pua na koo mwaka 1912, na jina la Crowe bado limo kwenye kifaa cha kushikilia kinywa wazi wakati wa kukata tonsili. Mfumo ulizaa vigogo. Uliacha pia vijana wengi njiani, bila kujua walikosea wapi. Muda uliowekwa wazi, uliokuja baadaye, ulikuwa, pamoja na mengine, kinga ya mnyonge: anajua anaingia lini na anatoka lini, na hakuna anayeweza kumshikilia kwa sababu hampendi. Ukirudisha upandaji wa ngazi mikononi mwa watathmini, lazima ueleze kinga hiyo umeihamishia wapi. Kanada inajibu kwamba ndiyo sababu ya kuweka kamati, na tathmini nyingi kutoka kwa watu wengi. Ni jibu zuri, ila lina gharama.

Gharama yenyewe ni karatasi, hata zikiwa za kwenye simu. Marezidenti wa Kanada wenyewe wamelalamikia mzigo huo: baada ya siku ndefu ya upasuaji, kazi inakuwa kumfuata mwalimu kwenye korido ajaze fomu kabla hajasahau. Fomu zikiwa nyingi, mwanafunzi hujifunza kuomba tathmini siku iliyokwenda vizuri, na mwalimu aliyechoka hujifunza kuweka alama ya juu ili asiulizwe maswali. Hapo kipimo kizuri cha Ottawa kinabaki jina tu.

Kuna hoja nyingine ambayo naona haisemwi vya kutosha. Muda humrudishia mpasuaji wagonjwa wake. Tonsili zinaweza kutoa damu siku ya 5 hadi ya 10, mtoto akiwa nyumbani tayari. Kolesteatoma, ile ngozi inayoota nyuma ya kiwambo cha sikio na kula mfupa, inaweza kurudi mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji ulioonekana safi. Fomu iliyojazwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji haiyaoni haya. Rezidenti anayaona kwa kuwepo kliniki mwaka baada ya mwaka, akimtazama mtu aliyemchonga yeye mwenyewe, sikio likitoa usaha tena. Kwa hiyo naiona miaka kama sakafu ambayo hakuna mwenye kipaji atakayeruhusiwa kuteremka chini yake, na uthibitisho wa kazi kama mlango ambao miaka peke yake haiufungui.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni mchanganyiko. Vyuo vikuu vinavyotoa shahada ya uzamili ya udaktari hutegemea miaka, mitihani na tasnifu. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, hakina majengo ya kufundishia: mwanafunzi hubaki katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya bingwa wa hapo, miaka 2 kwa uanachama na mingine 3 kwa ubingwa, huku akiorodhesha kila upasuaji kwenye daftari la kielektroniki. Masikio, pua na koo ni miongoni mwa fani zake. Daftari hilo linahesabu kazi, na hiyo ni hatua. Kuhesabu, hata hivyo, hakusemi nani alishika drili.

Kuchukua fomu za Kanada kama zilivyo kungetushinda. Bingwa mmoja mwenye foleni ya wagonjwa mpaka nje ya mlango hana dakika kumi za kuandika. Tunaweza kuanza padogo: kazi chache zisizosamehewa, labda njia ya hewa ya dharura, damu ya tonsili, mfupa wa nyuma ya sikio na tezi ya shingo, kila moja ikishuhudiwa na mabingwa wawili tofauti, na saa za kushuhudia ziandikwe kwenye ratiba ya mwalimu kama kazi anayolipwa. Bila saa hizo mageuzi yoyote yatabebwa na mwanafunzi peke yake.

Haraka yangu ina sababu. Kanada, anayemaliza mafunzo kwa kawaida huingia hospitali yenye wenzake wa fani ile ile, akikwama anagonga mlango wa pili. Hapa bingwa mpya anaweza kupangiwa hospitali ya mkoa akawa peke yake katika fani hiyo. Siku ya kwanza, akiletewa mtoto aliyepaliwa na karanga, ataanza kazi kwenye ngazi ya tano ya kipimo cha Ottawa, awe ameifikia au la.