Uzito umerudi, kinga bado

Ujumbe ule umenifikia tena kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: unga wa majani, vijiko viwili kila asubuhi, "kinga inapanda ndani ya siku tatu". Safari hii aliyeutuma ni shangazi yangu, tena kwa nia njema kabisa, maana mjukuu wake alilazwa kwa utapiamlo mkali na ametoka wodini juzijuzi. Bei ya kopo moja ingemnunulia mtoto yule dagaa, karanga na maharage ya wiki kadhaa. Nimekasirika, na shangazi simlaumu hata chembe. Nawalaumu wanaomuuzia mama mwenye hofu neno "kinga" bila kumweleza kinga ni nini.

Kinga ni seli, na seli zinakula.

Chukua seli T, askari wa kinga wanaosaka vijidudu. Asili yake ni uboho wa mifupa, halafu zinahamia kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, na huko ndiko zinakopevuka. Zinagawanyika kwa kasi kubwa, kisha zaidi ya 9 kati ya 10 zinakufa humohumo kwa kushindwa mtihani: ama hazina zinachokitambua, ama zinataka kuushambulia mwili wenyewe. Kila mgawanyiko unadai glukosi (sukari ya damu), amino asidi, zinki na malighafi ya kutengenezea DNA. Seli T ikitulia hutumia kidogo, na nishati yake inatoka kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli. Ikikutana na kijidudu inabadilika: inavunja glukosi kwa pupa hata oksijeni ikiwepo tele, mtindo uleule ambao mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliuona kwenye uvimbe wa saratani miaka ya 1920. Maambukizi yakiisha, zile chache zinazobaki na kumbukumbu ya adui hurudi kuchoma mafuta. Hata tabia ya seli inafuata mlo wake: seli T zinazochochea uvimbe wa kupambana na vijidudu hutegemea sana glukosi, na zinazotuliza huegemea zaidi mafuta.

Mwaka 1972 Eloise Giblett na wenzake waliripoti watoto wawili waliozaliwa karibu bila kinga ya seli. Kilichokosekana ni kimeng'enya kimoja tu, adenosini deaminasi, ambacho kazi yake ni kuondoa mabaki ya kemia ya DNA. Kikikosekana, mabaki yanalundikana na kuziua limfosaiti, kundi la seli za kinga ambamo seli T zimo. Hitilafu ya umetaboli, yaani kemia ya ndani ya seli, basi, na mtoto hana jeshi.

Sasa mrudie mtoto mwenye njaa. Mafuta ya mwili yakipungua, homoni ya leptini nayo inashuka, na seli T zinapata habari kwamba ghala ni tupu. Mwaka 1998 Graham Lord na wenzake walionyesha kwamba panya walionyimwa chakula, wakipewa leptini, mwitikio wa seli T zao unarejea. Kwa mtoto, thaimasi yenyewe inasinyaa. Watafiti waliofanya kazi Cochabamba, Bolivia, miaka ya 1990 waliipima kwa ultrasaundi kwa watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali, na walichokikuta kinaniuma mpaka leo: uzito ulirudi ndani ya mwezi mmoja hivi, lakini thaimasi ilihitaji kama miezi miwili. Mizani inasema mtoto amepona, mama anapongezwa, anafunga kanga anaondoka, na yule mtoto anarudi kwenye chumba chenye kikohozi na maji machafu akiwa na tezi ambayo bado ni ndogo. Halafu akirudi wodini na nimonia tunasema ni bahati mbaya. Siyo bahati! Tumemruhusu akiwa nusu njia.

Pale Bolivia, watoto walioongezewa zinki kinga yao iliwahi, ikaenda sambamba na uzito. Kwa hiyo nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wauza unga wanagusa ukweli mmoja: virutubisho vina kazi kwenye kinga. Ila chakula dawa cha hospitali tayari kina zinki iliyopimwa, na hakuna haja ya kumwongezea mtoto kitu cha kopo lisilosema lina nini ndani.

Kuna wanaosema kama ni hivyo chanjo haina maana kwa mtoto dhaifu. Hapana. Watoto wengi wenye utapiamlo hutengeneza kingamwili, protini zinazokamata vijidudu, vizuri tu baada ya chanjo, na surua ni hatari zaidi kwao wasipochanjwa. Chanjo wapate zote, kwa wakati.

Na tusidhani hili ni la mikoa yenye ukame. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi, ni zaidi ya nusu. Mahindi yapo. Kinachopungua kwenye sahani ya mtoto ni protini, mafuta na madini, vitu vilevile ambavyo thaimasi inavidai.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Siku mtoto anaporuhusiwa, mama aambiwe waziwazi kwamba mwezi unaofuata ndio wa hatari. Apangiwe tarehe za kurudi hata kama uzito ni mzuri, na mhudumu wa afya wa kijiji apewe jina la mtoto siku hiyohiyo, siyo baada ya homa kuanza.