Bustani ya wanyama ya Lubumbashi haihitaji simba wengine

Kila mazungumzo ya bustani ya wanyama yanapozuka hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), watu hugawanyika. Kuna wanaosema ifungwe, maana mji ambao mama anaamka usiku wa manane kukinga maji hauna sababu ya kumnunulia mnyama nyama. Na kuna wanaosema ijazwe: aletwe simba dume mwenye manyoya, waletwe twiga na pundamilia, irudi kuwa fahari ya mji. Mimi nilipelekwa zoo na baba nikiwa mdogo, leo nawapeleka watoto wangu, na sijapata kukubaliana na upande wowote moja kwa moja. Natamani bustani ibaki. Natamani pia iwe na wanyama wachache, tena wachache kuliko wale tunaodhani ndio wanaowavuta watu mlangoni.

Nianze na hoja ya kufunga, kwa sababu si ya kuchekwa. Mji huu unakula bukari, yaani ugali, na unga wa bukari kwa sehemu kubwa unategemea mahindi yanayopita Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia ikizuia mahindi yake yasitoke, au malori yakikwama mpakani, bei ya mfuko wa unga inaruka na kila nyumba inasikia. Sasa weka kando ya hilo simba mmoja. Simba mzima anahitaji kama kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku. Kwa mwaka ni karibu tani 2 au zaidi, hapo hujamhesabia jike wake, dawa, maji ya kuoshea banda, wala mshahara wa mtu anayelifagia. Mama wa mtaa wa Katuba anayepika nyama sikukuu kwa sikukuu akiuliza hesabu hiyo imekaaje, neno "utalii" halimtoshi.

Halafu kuna mateso ya mnyama mwenyewe. Anayesimama muda mrefu mbele ya banda la mnyama mla nyama, katika zoo za nchi nyingi, zikiwemo za matajiri, atauona ule mwendo: kutoka pembe hii hadi ile, kugeuka pale pale, kurudi kwa hatua zile zile, asubuhi hadi jioni. Madaktari wa wanyama wanaufahamu kuwa dalili ya kiumbe aliyekosa nafasi na shughuli. Mtoto akiuliza mbona anazunguka hivyo, mzazi husema anafanya mazoezi.

Lakini mwenye hoja ya kufunga mwulize wanyama waende wapi. Mara nyingi atajibu, "Warudishwe porini." Pori lipi? Simba aliyekua akiletewa nyama hajafundishwa kuwinda, na sauti ya binadamu kwake ni sauti ya chakula. Ukimwachia jirani na vijiji, umewaletea wanavijiji balaa, naye hatamaliza mwezi kabla ya kupigwa risasi. Sokwe ana hali ngumu zaidi. Mtoto wa sokwe hukaa na mama yake miaka mitano au zaidi akijifunza cha kula, cha kuogopa, na namna ya kuishi na wakubwa. Aliyenyang'anywa mama akiwa mchanga amekosa shule hiyo yote. Akitunzwa vizuri, anaweza kuishi miaka 50. Ukimpokea leo umepokea mzigo utakaowapita magavana wengi.

Kwa hiyo kufunga, kwa maana ya kutia kufuli na kwenda nyumbani, hakupo. Kilichopo ni kutunza au kutelekeza, na nchi hii inajua kutelekeza kunafananaje. Katika miaka ya uporaji mkubwa, 1991 na 1993, zoo ya Kinshasa ilikuwa na wanyama wenye njaa katikati ya mji wenye njaa. Claudine André, mama mkazi wa Kinshasa, alijitolea kuwatafutia chakula, na hapo ndipo alipoletewa mtoto wa bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe. Kazi iliyoanzia kwenye banda hilo ilizaa Lola ya Bonobo, makao ya bonobo yatima, ambayo tangu 2002 iko kwenye msitu wa Lukaya nje ya mji, na mwaka 2009 bonobo wake wa kwanza walirudishwa porini huko jimbo la Équateur. Ninachokiona katika habari hiyo ni kwamba uokozi haukutokana na kupaka rangi mabanda ya zamani wala kuongeza wanyama. Walichagua aina moja, wakaifanyia kazi mpaka mwisho.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na hoja yake kuu ni watoto. Hapa mtoto anavaa mamba kifuani kila timu yetu ya mpira, Mazembe, ikicheza, mamba mwenye mpira mdomoni, na wengi wao hawajawahi kumwona mamba akifumba jicho. Chui yuko kwenye nembo ya taifa, na timu ya taifa inaitwa Léopards. Katanga ina mbuga mbili za kitaifa, Upemba ya mwaka 1939 na Kundelungu ya 1970, na huko ndiko waliko pundamilia wa mwisho wa nchi nzima. Lakini Upemba ni mamia ya kilomita za barabara mbaya, na ni mbuga ambayo walinzi wake wameuawa na makundi yenye silaha. Familia ya mitaa yetu ya Kenya au Kampemba haiendi huko Jumapili. Mtoto wa Lubumbashi asipomwona mnyama wa Katanga hapa mjini, atamwona kwenye simu, na mnyama wa kwenye simu ni mdogo, hanuki, wala hakutazami.

Hoja hii naikubali karibu yote. Inapoanguka ni pale inapogeuka kuwa orodha ya manunuzi. Mtoto anahitaji kumwona mnyama anayeishi kama mnyama, na huyo si lazima awe simba. Mamba ni kiumbe wa damu baridi: mkubwa anaweza kula mara moja kwa wiki na akawa mzima kabisa. Chatu hula kwa nadra zaidi. Kobe anataka majani, jua na ukuta mfupi. Nungu, kanga na swala wa miombo wanazoea baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, ambayo hapa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200 si mchezo usiku, wakati mnyama wa msitu wa joto anahitaji chumba kinachofungwa na nyasi kavu za kulalia. Bustani ya wanyama kama hao inaweza kulishwa kwa makuta, yaani pesa za mlangoni. Bustani ya simba inalishwa kwa huruma ya mfadhili.

Hapo napingwa kwa neno moja: mlango. Ondoa simba, watu hawaji, tiketi haziuzwi, hata kobe atakosa majani. Ni pingamizi la kweli, na aliyewahi kusimamia mahali pa starehe katika mji huu analijua. Lakini kaa Jumapili moja kuanzia saa tisa utazame watu wanafanya nini hasa. Familia inapita mbele ya mabanda haraka haraka, watoto wakikimbia mbele, baba akipiga picha mbili tatu. Kisha wanatafuta kivuli. Kitambaa kinatandikwa, sahani zinafunguliwa, shangazi anavua viatu, na hapo wanakaa mpaka jua linashuka. Sehemu kubwa ya mchana wao wanaitumia chini ya miti. Miombo ya kuuzunguka mji imegeuzwa makaa ya kupikia kwa miaka mingi, na kivuli cha bure ndani ya mji ni haba. Nadhani tunachouza pale mlangoni, bila kukisema, ni miti. Ikiwa ni hivyo, simba si nguzo ya mapato kama tunavyoapa, na pesa ya kupanda na kumwagilia miti ina faida kuliko pesa ya banda jipya.

Na sisi wageni tunatazamaje? Kijana mwenye fulana ya Mazembe anamtupia mamba kipande cha biskuti ili ajongee, kisha kokoto, kwa sababu biskuti haikumshtua. Msichana anarusha chupa ya soda yenye mabaki, sokwe anaidaka, anafungua kifuniko kwa meno, anakunywa, na watu wazima wanapiga makofi. Wachache wanafikiri kwamba mafua yetu ya kawaida yanaweza kumwua sokwe, kwamba kinywaji kilichotoka kwenye chupa ile kinaweza kuwa kimepeleka ugonjwa kwa kundi zima. Mhudumu mmoja hawezi kuwazuia watu mia. Umbali unaweza: ua wa pili wa mita chache mbele ya banda, kichaka katikati, na kibao cha Kiswahili, maana vingi vya namna hiyo huandikwa Kifaransa kana kwamba anayerusha kokoto ni profesa.

Suala la sokwe nalitenga na mengine yote. Shirika la J.A.C.K., linalotunza wanyama wachanga walionyang'anywa wafanyabiashara, lilianza kazi mwaka 2006 ndani ya uwanja wa bustani hii. Septemba 2022 watu waliingia usiku kwenye kituo chake, wakaiba sokwe wachanga watatu na kudai fidia, pamoja na vitisho. Shirika lilikataa kulipa, kwa hoja kwamba ukilipa mara moja umefungua soko. Habari ilizunguka dunia. Wengine mjini walisema ni ushahidi kuwa wanyama hawa ni hatari kuwaweka hapa. Mimi naisoma kinyume: ni ushahidi wa thamani ambayo wahalifu wameshaipa biashara hii, na kwamba mji usiokuwa na mahali penye ukuta na watu wenye ujuzi wa kupokea wanyama walionaswa njiani unawarudishia wezi mali yao. Sheria ya hifadhi ya mazingira ya mwaka 2014 inampa askari nguvu ya kumnyang'anya mfanyabiashara mtoto wa sokwe. Askari akishamshika mkononi, saa nne usiku, anampeleka wapi? Hiyo ndiyo kazi ambayo naona inaihalalisha bustani hata mbele ya yule mama wa Katuba. Ni kazi ya umma, kama kituo cha zimamoto, na haitegemei kama mnyama anapendeza kwenye picha.

Sasa pesa. Wazo linalorudi kila mara ni kwamba kampuni za madini zilipe, kwa vile shaba na kobalti zinatoka hapa hapa. Wengine wanataja ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo sheria ya madini ya 2018 inazilazimisha kampuni kuitenga kwa maendeleo ya jamii. Naomba tusiiguse. Pesa hiyo ni ya vijiji vinavyokaa na vumbi na maji machafu ya migodi, na kuipeleka kwenye bustani ya mjini ni kumpora maskini kwa ajili ya mapumziko yetu. Chanzo cha haki kipo katika sheria ile ile: mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini zinayouza, ambao asilimia 25 huenda kwa jimbo na 15 kwa mamlaka za mitaa. Kifungu kidogo na cha kudumu katika bajeti ya jimbo, kinachojadiliwa mbele ya wabunge wa jimbo na kuandikwa, kina thamani kuliko zawadi kubwa ya mara moja yenye utepe wa kukatwa. Zawadi za kampuni hupanda na kushuka na soko. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka. Katika mwaka kama huo mfadhili hupunguza kwanza alichokitoa kwa hiari, na mnyama hajui kusubiri robo ijayo.

Ujuzi nao upo jirani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, kinachotoa madaktari ambao wengi wao wataishia kwenye ng'ombe na mbwa. Kuwapangia wanafunzi wa miaka ya mwisho zamu za kudumu pale, kwa mkataba wa maandishi na mwalimu anayewajibika, ni rahisi kuliko kumleta mtaalamu wa kigeni kwa wiki mbili. Na ripoti zao zibandikwe mlangoni: wanyama wangapi, nani aliugua, nani alikufa na kwa nini, kilo ngapi za chakula ziliingia wiki hii. Mtu akilipa tiketi anastahili kuyasoma hayo kabla ya kununua soda. Mkuu yeyote atachukia kibao hicho mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili kitamlinda dhidi ya uvumi.

Kinachonibakia kigumu ni zawadi. Mtu anafuga nyani mchanga, anapendeza. Nyani anakua, anang'ata. Mtu anamleta bustanini na anataka ashukuriwe. Ukimkataa, nyani atauzwa au atauawa. Ukimkubali, kesho wataletwa wengine, na bustani niliyosema iwe ndogo inakuwa kubwa kwa huruma. Sioni njia safi hapa. Naona njia ya nafuu: anayeleta mnyama alipe gharama za mwaka wa kwanza na jina lake liandikwe, aliyenaswa na askari apokelewe bila masharti, na wote hao wakae nyuma, mbali na macho yetu, wasizaliane. Kwa wanyama wakubwa wa maonyesho iwepo kanuni moja: anayekufa kwa uzee haletewi mrithi, banda lake linabomolewa, na nafasi wanapewa waliobaki.