Nilifika wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu

Zimamoto ya kujitolea kule Marekani, usiku ina watu kama harusini. Mchana ina mimi. Wenyewe ni fundi bomba, mwalimu, muuza bima. Ikifika saa nane mchana kila mtu yuko kwenye mkate wake. Ndiyo maana kituo kimoja cha mji mdogo, jimbo la Maryland, kikaniajiri, dereva wa malori niliyetokea Tanga, Jumatatu hadi Ijumaa: nikague gari, nianike mipira ya maji, nijaze mitungi ya hewa, na simu ya dharura ikija nilifikishe gari. Wenyewe watanikuta huko.

Siku hiyo peja, kidude cha kupokelea wito, ikalia: moshi jikoni. Nilifika wa kwanza. Nilifika pia wa pili na wa tatu. Kanuni inataka watu wanne kabla ya kuingia kwenye nyumba inayowaka, wawili ndani na wawili nje tayari kuwaokoa. Nikajihesabu mara mbili, nikapata mmoja.

“Wenzio wako wapi?” bibi mwenye nyumba akauliza.

“Wanakuja, bibi.”

Nikaanza kazi. Hendibreki, gia nyutro, swichi ya pampu, ngoja taa iwake, kisha gia ya kwenda mbele. Gari halisogei, injini sasa inazungusha pampu, si magurudumu. Kabari kwenye tairi. Vali ya tenki. Mpaka hapo Tanga nzima ingenipigia vigelegele.

Ukabaki mpira: mita 60, kipenyo milimita 45, umekunjwa juu ya gari na umeshaungwa kwenye pampu. Unatakiwa uushushe wote, hata kunjo moja lisibaki, ndipo ufungulie maji. Nilishusha makunjo matatu, nikasikia king'ora. Nikajua wenzangu hao, watamalizia. Nikafungulia.

Kilikuwa cha ambulansi, inapita zake.

Mpira mkavu hulala bapa. Ukijaa huwa mviringo, na mita 60 hubeba lita 95 hivi, yaani kilo 95. Makunjo yaliyobaki yakavimba palepale, yakabanana, yakainuka juu ya gari kama chatu aliyemeza mbuzi. Navuta, hatoki. Mkononi mwangu yakatiririka maji ya kumwagilia mchicha, tena tuta moja.

Hapo dawa ni kufunga vali ya mpira, kufungua mdomo wake presha iishe, kisha kupanda juu na kukunjua kwa mikono. Usivute kwa nguvu presha ikiwa bado imo. Mpira ukifyatuka utakupeleka nao chini.

Fundi bomba alinikuta juu huko, nimelowa mpaka soksi, nimemkumbatia chatu. Akamgeukia bibi: moto uko wapi?

“Moto gani? Ni maharage tu yameungua. Nilifunika sufuria, nikazima jiko, zamani. Namngoja huyu ashuke nimpe taulo.”