Moshi Wenye Mikono Sita

Kwenye kwanjula ya kaka, ile sherehe ya Kiganda ya bwana kutambulishwa ukweni, huko Mukono, Uganda, mpiga picha nilikuwa mimi. Sifa yangu ilikuwa moja tu: nilikuwa na kamera. Kadijitali kadogo ka mfukoni, ka mtumba, vitufe vyote maandishi yamefutika.

Shughuli ya saa nane ilianza saa kumi. Kisha wasemaji wa pande mbili wakaanza kurushiana mafumbo, na kama hujawahi kumsikia msemaji wa Kiganda akizunguka neno, hujui kuchelewa ni nini. Jua likazama wakiwa bado wanaulizana wageni wamefuata nini. Umeme nao ukakatika. Ikawashwa jenereta, balbu moja katikati ya hema, kumbikumbi wakaja na kwanjula yao.

Nikawasha flashi. Flashi ya kamera ile mwisho wake mita tatu, na hema la wakwe lilikuwa ng'ambo ya ua. Nilichopata ni visogo vya watu wetu, vyeupe kama mayai, na nyuma yao usiku mtupu. Mara ya nne shangazi akageuka na gauni lake lote la gomesi.

"We mtoto, unapiga picha au unapiga radi?"

Nikaizima. Hapo kwenye kioo kikaanza kumeta kialama cha mkono unaotetemeka. Nikakipuuza. Kumbe kamera ilikuwa inanionya: mwanga ukiwa mdogo, inaacha jicho wazi muda mrefu, hata nusu sekunde, na mimi tangu asubuhi nilikuwa na kikombe kimoja cha chai tumboni. Nikavuta zumu, nikazidisha balaa, maana lenzi za bei rahisi ukizivuta zinapitisha mwanga mdogo zaidi. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600. Bi harusi akatoka kama nimempiga kupitia uji wa wimbi.

Ndipo nikakumbuka maneno ya rafiki yangu wa studio: ondoa zumu, weka kamera juu ya kitu, tega taima ya sekunde mbili, halafu mikono nyuma. Kaka alikuwa ndiyo anainuka kumkabidhi muko, yaani kaka wa bi harusi, jogoo wake. Nikavuta kreti la soda hadi katikati ya ua, kamera juu.

"Jamani, tulieni!"

Hema zima likatulia kama liko kwenye tahiyatu. Sekunde mbili zikapita. Kitaa chekundu kikaendelea kukonyeza. Ya tatu. Ya nne. Nilikuwa nimetega kumi. Kwenye ya sita jogoo akakata kamba, ya saba muko akamrukia, ya nane kaka akamrukia muko, na senga, shangazi wa bi harusi, akainuka kuwatenganisha. Kliki.

Picha ilitoka kali ajabu. Nguzo ya hema unaona hadi kutu. Katikati kuna moshi mweupe wenye mikono sita. Huyo ndiye kaka na wenzake. Na pembeni, babu wa bi harusi, usingizi umemchukua tangu mafumbo ya kwanza, kinywa wazi, kila uzi wa kanzu unahesabika.

Hiyo ndiyo iliyowekwa fremu ukweni. Wageni wakiuliza kwanjula ilikuwa ya nani, wanaambiwa ya babu. Mwenyewe anasisitiza kwamba pale alikuwa anaomba dua.