Mia Saba Gawa kwa Mia Moja

Baba mdogo alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, na hajawahi kukubali kwamba duniani kuna kitu kisichogawanyika. Kiinua mgongo kilipotoka, wenzake walikimbilia viwanja vya Nala na Ihumwa, hapa Dodoma, wakaanza kufyatua matofali. Yeye akanunua Coaster. Ilikuwa imeshabeba wanafunzi, ikabeba wanakwaya, na kwa harufu yake nadhani iliwahi kubeba dagaa.

"Hii ndiyo nyumba yangu," alituambia, akiigonga ubavuni. "Nyie jengeni mkae mahali pamoja."

Alikuwa ameangalia sana video za wastaafu wa Marekani, wale wanaouza nyumba zao na kuhamia kwenye magari yenye kitanda, jiko na choo, wakaizunguka nchi yao taratibu wakinywa kahawa. Kazi akapewa fundi seremala wa Chang'ombe. Kwa kuwa baba mdogo anadharau mbao laini, kitanda kikawa cha mninga, kabati la vyombo la mninga, hata mlango wa choo ni mninga. Juu ya keria likapandishwa simtanki la lita 500. Lita 500 za maji ni kilo 500, na hilo mwalimu wa hesabu analijua kuliko mimi, ila kulijua na kulibeba ni masomo mawili.

Safari ya kwanza ya nyumba hiyo ikaangukia kwenye jambo zito: kupeleka mahari Mwanza. Kaka yangu alikuwa amempata binti wa Kisukuma, na kwa kuwa baba yetu ameshatangulia mbele ya haki, baba mdogo ndiye mkuu wa msafara. Sisi wengine tulikuwa tunafikiria basi. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 inatoka Dar inaishia hapahapa Dodoma, kwa hiyo Mwanza haitufikishi.

"Basi!" baba mdogo akashangaa. "Nina nyumba inayotembea, nikapande basi?"

Akafungua kaunta buku, akavuta mstari kwa rula, akapiga hesabu mbele ya kikao cha ukoo. Dodoma mpaka Mwanza ni kama kilomita 700. Mwendo, 100 kwa saa. Mia saba gawa kwa mia moja, masaa saba. Tukitoka saa kumi alfajiri, saa tano asubuhi tuko Mwanza, tunaoga maji yetu wenyewe, tunabadili nguo, saa nane mchana tunabisha hodi kwa wakwe tukiwa tunanukia. Mimi nilikuwa katibu wa msafara, nikaandika nilivyoambiwa.

Hiyo mia moja ilitoka wapi sijui. Gari linalozidi tani tatu na nusu mwisho wake kisheria ni 80, na ukikuta kibao cha makazi ni 50. Nafikiri aliichagua kwa sababu inagawanyika vizuri.

Aliyethubutu kupinga ni mdogo wangu wa kidato cha tatu, maana video zile walikuwa wanaangalia wote.

"Baba mdogo, wale Wamarekani wana kanuni yao ya tatu tatu tatu. Kwa siku wasizidishe maili 300, wafike kabla ya saa tisa alasiri, halafu wakae siku tatu."

"Saa tisa ndiyo tatu?"

"Kwao saa tisa ni saa tatu."

"Basi kwetu ni tatu, tisa, tatu. Kanuni yenyewe imeshavunjika. Tuendelee."

Maili 300 ni kama kilomita 480. Ukitoka Dodoma, hizo zinakwisha kabla hujaiona Mwanza hata kwa mbali. Lakini kikao kilikuwa kimeshafungwa kwa sala.

Siku yenyewe tulitoka saa kumi na mbili, kwa sababu kitenge cha shangazi kilibanwa na mlango wa mninga, na mlango wa mninga ukikubana lazima aitwe fundi. Shangazi ni dada mkubwa wa baba mdogo, na ndiye mtu pekee anayemwita "we mtoto". Akakaa kwenye kochi nyuma ya dereva, akaweka mkoba mapajani, akasema, "Haya, tuoneshe hizo mia."

Hatujafika mbali, Nala, hata Dodoma hatujaimaliza, bango likatuelekeza mizani. Baba mdogo akataka kupita. Magari yote yanayozidi tani tatu na nusu yanaingia mizani, na yetu ilikuwa inazidi hata kwa kuiangalia.

"Mmebeba nini?" kijana wa mizani akauliza.

"Nyumba," akajibu baba mdogo.

Kijana akachungulia ndani, akaona kitanda, kochi, jiko la gesi na shangazi. Akaenda kumwita mwenzake. Mwenzake naye akaita wa tatu. Uzito wa jumla haukuwa na shida, ila ekseli ya nyuma ilikuwa imezidi, kwa sababu mninga wote na simtanki vilikuwa vimerundikwa nyuma. Tukaambiwa tupunguze au tupange upya, ndipo tupande tena.

Kitanda cha mninga hakipangwi upya. Ikabaki maji. Ukimwaga maji kandokando ya barabara Dodoma, mwezi wa tisa, watu hawatakuangalia tu. Kabla bomba halijafunguka sawasawa tayari kuna foleni ya ndoo. Baba mdogo naye, kwa ualimu wake, akasimamia: kila mtu lita ishirini, mstari mmoja, asisukumane mtu. Bibi mmoja akamshukuru akimwita mheshimiwa, akamuuliza uchaguzi ni lini. Tulipanda tena mizani saa mbili na nusu asubuhi. Kwa mujibu wa kaunta buku, muda ule tulikuwa tunaikaribia Nzega.

"Tutaufidia mbele," akasema.

Mbele palikuwa na rasta, yale matuta madogomadogo ya barabarani. Msafiri wa basi hazijui rasta, maana anazilalia. Ukiwa ndani ya nyumba yenye vyombo unazijua moja moja. Kila tukikaribia kijiji, trrrr, mlango wa kabati unafunguka, sufuria tatu zinashuka, mama mdogo anaziokota, anafunga, halafu rasta za upande wa pili zinamkaribisha tena. Kufika Kintinku aliacha kuziokota, akakaa nazo chini sakafuni. Bahi ng'ombe walivuka barabara kwa hatua za kwao, na huwezi kumpigia honi ng'ombe wa Mgogo halafu ukategemea mchungaji aharakishe.

Saranda sasa. Pale ardhi inapanda kutoka bonde la Bahi kwenda Manyoni, na mbele yetu kulikuwa na malori, yale yanayokwenda Rwanda na Burundi. Baba mdogo akaingiza gia ya pili. Coaster ikalia, ikatulia, ikaendelea kwa mwendo ambao shangazi aliweza kusoma maandishi yote ya nyuma ya lori, mpaka namba ya simu ya mtengeneza turubai. Bodaboda iliyobeba magunia mawili ya mkaa ikatupita. Mkaa ukatupungia mkono. Nina maana mtu aliyekaa juu yake.

Manyoni tulifika saa sita mchana. Kilomita kama 120.

Hapo ndipo yalipoingia maharage. Mpango wa awali ulikuwa kupika huku tunatembea, ndiyo sababu hatukuweka muda wa kula. Lakini baada ya rasta za Kintinku shangazi alisema anayewasha gesi humu ndani gari likitembea amshushe yeye kwanza. Nikapendekeza tule hotelini. Mama mdogo akakataa: nyumba ina jiko, ikale kwa watu? Akatoa maharage. Hayakuwa yamelowekwa.

Mtu akipanga safari ya nyumba ya magurudumu anakumbuka mafuta, matairi, hata kuchimba dawa. Maharage makavu hayakumbuki. Tuliegesha pembeni mwa stendi, yakatokota. Watu wakaja kuangalia. Mmoja akauliza kama tumeshabandikwa namba ya nyumba, maana wakati wa anwani za makazi mwaka 2022 yeye alikuwa anazunguka na wale vijana wa kubandika, na nyumba yetu haikumbuki. Mwingine akataka kujua kodi ya jengo tunalipaje wakati hatuna LUKU. Baba mdogo aliwajibu wote kwa heshima, kisha akapanda juu kukagua simtanki ambalo halikuwa na kitu.

Saa nane kamili simu ikaita. Wakwe.

"Ndiyo, mkwe!" baba mdogo akasema kwa sauti ya mtu aliyekimbia. "Tumechelewa kidogo, ila tumeshafika Shinyanga, tunatoka hapa sasa hivi."

Wakati huohuo kondakta wa Hiace iliyoegeshwa ubavuni kwetu akatoa kichwa dirishani. "Itigi! Itigi wawili! Itigi wawili tunaondoka!"

Kimya. Baba mdogo akaiziba simu kwa kiganja, lakini Itigi ilikuwa imeshapita.

Ile simu ina sauti kubwa, kwa hiyo tulisikia wote. "Hongera, Mwalimu," mkwe akasema taratibu. "Kumbe siku hizi Itigi iko Shinyanga." Kisha akaongeza kwamba yeye aliendesha mabasi ya Mwanza na Dar mpaka anastaafu, na kama maharage hayajaiva, tusiharakishe.

Mpaka leo hatujui maharage aliyajuaje.

Baada ya Manyoni baba mdogo aliendesha kwa hasira, na hasira ndiyo iliyotufikisha kwenye tochi. Ilikuwa Ikungi, ndani ya kibao cha 50. Afande akatokea chini ya mti akiwa na nguo nyeupe zisizo na vumbi hata chembe, jambo ambalo Singida sijui wanaliwezaje. Akamwonesha picha: 71.

"Afande," akasema baba mdogo, akitoa kaunta buku, "wewe umechukua mwendo wa nukta moja. Mimi naomba utumie wastani. Tangu Nala asubuhi mpaka hapa, wastani wangu haufiki hata 30 kwa saa. Kisheria nadaiwa."

Afande alikaa kimya akaifikiria, nampa heshima yake. Akaitazama hesabu, akaifuata kwa kidole mpaka chini.

"Hesabu iko sawa kabisa, mwalimu," akasema. "Ila tochi haijui wastani."

"Mwandikie, mwanangu," shangazi akasema dirishani. "Leo ndiyo mara ya kwanza ameifikia hiyo sabini, hata sisi tumefurahi."

Shilingi 30,000. Nikaiandika chini ya "Mengineyo".

Upepo wa Singida unajulikana, mpaka kuna mipango ya kuuvunia umeme. Sisi ulitupiga kwa mbele, na gari lenye umbo la kabati halipiti upepo, linausukuma. Tuliingia Singida mjini saa kumi na moja jioni, kama kilomita 240 tangu asubuhi, na baba mdogo mwenyewe akasema tulale. Kitanda cha futi tano kwa sita akachukua shangazi na mama mdogo. Mimi nililala chini na sufuria. Choo kipya kilikaa bila kutumiwa, kwa sababu ukuta wake ni mwembamba na shangazi alisema hawezi kuanza mambo hayo uzeeni mbele ya mdogo wake. Usiku kucha upepo ukawa unaibembeleza nyumba huku na huku, na kila ikiinama mlango wa kabati unafunguka.

Kesho yake tuliondoka na giza. Sekenke tukaiteremka kwa gia nzito, Igunga, Nzega, hakuna la kusimulia, safari ilikuwa safari. Ila tulipoingia Shinyanga shangazi akanyang'anya simu, akapiga mwenyewe. "Mkwe, shikamoo. Sasa tupo Shinyanga ya kweli. Ngoja nikupe mwenye duka hapa athibitishe."

Tulibisha hodi saa tisa alasiri, tukinuka dizeli. Wakwe walitupokea kwa vigelegele, wakatukalisha, wakatupa maji ya kunywa, kisha wakaanza kutoza. Faini ya kuchelewa ikawa beberu. Halafu ikaja ya pili, kitenge kwa bibi mzaa mama, ambayo msemaji wao aliitaja kwa uso mkavu kabisa: faini ya kuihamisha Itigi. Baba mdogo akataka kujua imekokotolewaje. Shangazi akamkanyaga mguu.

Mahari yalipokwisha kupokelewa, mkwe akaomba aione nyumba. Akaizunguka. Akagonga kitanda, akasema "mninga" kwa masikitiko. Akalala chini akaangalia springi. Alipoinuka akajifuta mikono.

"Mwalimu, gari hili ligawie hamsini. Mshale wa spidi usiuangalie, huo unakudanganya. Kwenye hamsini umeshaweka mizani, matuta, mafuta, trafiki, mlima na kuchimba dawa. Hata lami iwe nzuri namna gani, hamsini. Haya, mia saba gawa kwa hamsini?"

"Kumi na nne," baba mdogo akajibu kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Kumi na nne ni siku mbili. Unalala Singida kwa hiari yako, si kwa kushindwa. Usiku usiendeshe, ng'ombe hawana taa."

"Na maharage?" mama mdogo akauliza.

"Maharage, mama, ni siku ya tatu."

Nilidhani yamekwisha. Usiku ule nilimkuta baba mdogo kibarazani na kaunta buku, rula mkononi. Mahari yameshashuka, akaniambia, maji hatujazi, kwa hiyo gari ni jepesi, na zaidi ya yote kurudi ni mteremko. Nikamwambia Mwanza na Dodoma zote ziko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na katikati kuna Singida iliyo juu kuliko zote mbili. Akanitazama kwa huruma.

"Masaa sita na nusu," akasema, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Dirisha la chumba cha wageni likafunguka. Ni shangazi, na kilemba cha kulalia.

"Hivi bodaboda kutoka hapa mpaka stendi ya Nyegezi ni shilingi ngapi?"